Kwa nini TV hukata kingo za video wakati kompyuta inaonyesha picha nzima

Leo mbolea na mbegu tuziweke kando kidogo, tuzungumzie TV. Mada hii inahusu shamba moja kwa moja, na muda si mrefu utaona.

Siku hizi mafunzo mengi ya kilimo na ufugaji yanakuja kwa video. Video inawekwa kwenye flashi, flashi inachomekwa kwenye deki au king'amuzi kilichounganishwa na TV ya dukani au ya kibanda cha video, na watu ishirini wanakaa kutazama. Maelezo muhimu zaidi mara nyingi huandikwa chini kabisa ya picha: kipimo cha dawa kwa bomba la lita 20, na siku za kusubiri baada ya kupulizia kabla ya kuvuna. Ukiiangalia video hiyo kwenye kompyuta, maandishi yote yanasomeka. Ukiiweka kwenye TV, mstari wa chini umeliwa nusu, au tarakimu ya mwisho upande wa kulia haionekani. Siku 14 inakuwa siku 1. Mkulima anayetoka pale na siku 1 kichwani anapulizia leo, anavuna nyanya kesho, anazipeleka gulioni, na mlaji anakula dawa ambayo bado haijaisha nguvu. Kila aliyehusika alifuata alichokiona.

Jambo hili likitokea, lawama huwa nyingi. Aliyeuza flashi anaambiwa ameuza kopi mbovu. Fundi akiitwa anaweza kusema kioo cha TV kimeanza kufa, na akalipwa kwa maneno hayo. Ukweli ni kwamba video ni nzima na TV ni nzima. TV imetengenezwa ikate kingo, na sababu yake ina umri wa zaidi ya miaka 70. Nitaieleza historia hiyo, maana ukiielewa, kurekebisha ni kazi ya dakika moja.

Kwanza tutenganishe magonjwa mawili ambayo dalili zake zinafanana, kama vile mmea wenye njaa ya naitrojeni na mmea wenye virusi, ambao wote majani yake huwa ya njano. Ugonjwa wa kwanza ni TV kula ukingo kidogo pande zote nne. Wa pili ni umbo la picha kutolingana na umbo la skrini, hivyo pande mbili tu ndizo zinakatwa, na zinakatwa sana. Tuanze na wa kwanza.

CHOGO NA UMEME USIOTULIA

Mwaka 1897 mwanasayansi Mjerumani aitwaye Karl Ferdinand Braun alitengeneza bomba la kioo lililotolewa hewa ndani, ambalo lingeweza kuchora mstari wa mwanga kwa kutumia umeme. Kufikia miaka ya 1930 wahandisi wa Marekani na Ulaya walikuwa wameligeuza kuwa bomba la picha la televisheni. Hilo ndilo lililozipa TV za zamani chogo lake.

Lilifanya kazi hivi. Nyuma, ndani ya chogo, kuna kitu mfano wa bunduki kinachorusha mwale wa elektroni kwenda mbele. Kioo cha mbele kimepakwa kwa ndani unga unaong'aa unapopigwa na mwale huo. Sumaku za umeme zilizozungushwa shingoni mwa bomba zinauvuta mwale kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, kutoka juu hadi chini, kama mtu anayepanda mahindi kwa mistari na kila akimaliza mmoja anarudi kuanzia upande uleule. Kwa mfumo uliotumika huku kwetu, picha moja ilikuwa na mistari 625, na picha 25 zilichorwa kila sekunde. Marekani walitumia mistari 525 na picha 30.

Sasa fikiria umeme wenyewe. Ukubwa wa picha ulitegemea nguvu ya zile sumaku na kasi ya ule mwale. Umeme ukipungua nyumbani, mistari inakuwa mifupi na picha inasinyaa. Ikija picha yenye mwanga mwingi, bomba linatumia nguvu zaidi, na picha inavimba kidogo. TV ikipata joto picha inabadilika, na vipuri vikizeeka inabadilika tena. Waliowahi kuendesha TV ya chogo kwa jenereta ndogo wanajua picha ilivyokuwa ikihema kama mgonjwa.

Mteja aliyetoa fedha nyingi hakutaka kuona ukingo mweusi ukisogea huku na huku. Kwa hiyo watengenezaji walichagua njia rahisi: wakapanga mwale uchore picha kubwa kuliko kioo. Kingo zikawa zinachorwa nyuma ya fremu, mahali ambapo mtazamaji haoni. Picha ikisinyaa kidogo, kioo bado kimejaa. Ikivimba, hakuna anayejua.

Kioo chenyewe nacho hakikuwa mstatili. Bomba la mviringo lilikuwa rahisi kutengeneza na lilistahimili vizuri mgandamizo wa hewa ya nje, kwa hiyo TV nyingi za Marekani za miaka ya 1940 zilikuwa na kioo cha duara kilichofunikwa fremu kwa mbele. Kampuni ya Zenith, mwishoni mwa miaka hiyo, iliuza hata TV zenye skrini ya duara kabisa. Pembe nne za picha zilipotea, na watu walinunua.

Mliowahi kushiriki shamba la majaribio mnajua kwamba mistari ya pembezoni hatuipimi mavuno. Inapata mwanga kuliko mingine, mbuzi wanaifikia kwanza, haiaminiki. Tunaipanda tukijua kwamba hatutaihesabu. Ukingo wa picha ya TV ulikuwa mstari wa pembezoni.

Wenye vituo vya televisheni walilijua hili, na walijua pia kwamba kila TV inakata kiasi chake. Wakaweka utaratibu. Mambo yote ya maana yatokee ndani ya asilimia 90 ya upana na asilimia 90 ya kimo cha picha. Maandishi yakae ndani zaidi, katika asilimia 80. Mpiga picha alikuwa na mistari hiyo kwenye kioo chake cha kutazamia. Ndiyo maana katika vipindi vya zamani jina la mtu anayezungumza halikuandikwa chini kabisa, lilipandishwa juu kidogo. Piga hesabu uone: asilimia 80 mara asilimia 80 ni asilimia 64. Zaidi ya theluthi moja ya picha ilionekana si mahali salama pa kuandikia neno.

Kwa vile ukingo ulikuwa hauonekani, ukageuka kuwa stoo. Mikanda ya VHS iliacha mstari uliochafuka chini kabisa ya picha, pale ambapo deki ilibadilisha kutoka kichwa kimoja cha kusomea kwenda kingine. Vituo vya Ulaya vilificha kwenye mstari wa 23, juu kabisa ya picha, alama za kuiambia TV kama picha ni nyembamba au pana. Kipaza sauti kikining'inia juu ya mwigizaji, haikuwa na shida sana, kitaishia kwenye ukingo.

KOMPYUTA ILIKATAA

Kompyuta za nyumbani za mwanzo, kama Commodore 64 na ZX Spectrum za mwaka 1982, zilichomekwa kwenye TV ya sebuleni. Waliozibuni walijua TV itakula kingo, basi wakachora picha ndogo katikati na kuizungushia fremu ya rangi tupu. TV ikate fremu inavyotaka, kazi ya mtu iko katikati.

Zile za ofisini zilipata skrini zake zenyewe, na skrini hizo zilipangwa zionyeshe kila kitu, hata kama pembeni patabaki weusi kidogo. Sababu iko wazi. Kwenye kompyuta ukingo ndiko iliko saa, menyu na kitufe cha kufungia. Mtunza stoo mwenye safu sita za hesabu hawezi kukubali safu ya sita iliwe. Mtazama tamthilia anaweza kupoteza kipande cha ukuta bila kujua.

Kwa hiyo vikawepo vyombo viwili vinavyofanana kwa sura, kimoja kinakata na kingine hakikati. Kwa muda mrefu hili halikumsumbua mtu, kwa sababu kila kimoja kilikuwa na kazi yake. Shida ilianza video zilipohamia kwenye kompyuta. Watu waliingiza mikanda yao ya harusi wakashangaa kuona mstari uliochafuka chini, vinukta vyeupe vinavyochezacheza juu, na vipande vyembamba vyeusi kushoto na kulia. Walidhani kompyuta imeharibu mkanda. Kompyuta ilikuwa inaonyesha stoo.

Kuna kasoro nyingine iliyozaliwa hapo, nayo ni watu kuonekana wembamba au wanene. Mwaka 1982 nchi zilikubaliana namna ya kugeuza picha ya TV kuwa namba: nukta 720 kwa kila mstari, na kwa mfumo wetu mistari 576 inayobeba picha. Nukta hizo hazikuwa mraba kamili. TV ilijua kuzitanua kidogo. Programu ya kompyuta isiyoambiwa huchora kila nukta kama mraba, na bibi harusi anapungua kilo kadhaa bila mazoezi.

TV BAPA ILIRITHI TABIA

TV bapa haina mwale wala sumaku. Nukta zake zimepangwa kama mashimo ya kupandia yaliyopimwa kwa kamba: 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, kwa TV nyingi. Umeme ukipungua itazimika, lakini picha haisinyai. Sababu ya kukata kingo iliondoka pamoja na chogo.

Tabia ilibaki. Mwanzoni ilieleweka, kwa kuwa matangazo na mikanda ya zamani bado ilikuwa na ule uchafu pembeni, na kiwanda kiliogopa wateja watarudisha TV. Basi TV inapokea picha, inaikuza kidogo, inatupa kingo, na inayobaki inaitandaza ijaze kioo. Ikikata asilimia 2.5 tu kila upande, nukta 48 zinapotea kushoto, 48 kulia, 27 juu na 27 chini. Herufi za tangazo la chini zinaweza kuwa ndogo kuliko nukta 27. Zaidi ya hapo, picha iliyokuzwa hupoteza ukali, maana nukta moja ya video haikai tena juu ya nukta moja ya kioo. Mtu ananunua TV kwa sababu ya ukali wa picha, kisha kiwanda kinampunguzia bila kumwambia. Kwa maoni yangu hili lingepaswa kuzimwa kiwandani zamani, na mwenye mkanda mchafu ndiye awashe mwenyewe.

Huku kwetu tulirithi vyote viwili kwa haraka. Zanzibar walianza televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara tulisubiri hadi 1994, wakati chogo liko ukingoni mwa maisha yake. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 Dar es Salaam ikazima mitambo ya analojia, vingamuzi vikaingia, na king'amuzi cha picha pana kikaunganishwa na TV ya chogo ya picha nyembamba. Hapo tunafika kwenye ugonjwa wa pili.

UMBO LA PICHA

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 nchini Marekani, William Dickson, aliyekuwa akimfanyia kazi Thomas Edison, alitumia mkanda wa upana wa milimita 35 na kuamua kila picha ichukue kimo cha matundu manne ya pembeni. Umbo lililopatikana lilikuwa karibu 4 kwa 3, yaani upana sehemu nne na kimo sehemu tatu. Sinema zikalifuata, na televisheni ikalichukua kutoka kwenye sinema. BBC ya Uingereza ilianza mwaka 1936 na umbo la 5 kwa 4, lakini nao wakahamia 4 kwa 3 mwaka 1950.

Hapo sinema ikakimbia. Wamarekani walikuwa wamebaki nyumbani na TV zao, kumbi zikawa tupu. Wenye sinema wakatafuta kitu ambacho TV haiwezi kukitoa, wakapata upana. Mwaka 1953 ilitoka filamu ya The Robe kwa mfumo wa CinemaScope, na upana wake ulizidi mara mbili ya kimo. Watu wakarudi kwenye kumbi.

Baadaye filamu hizohizo zikauzwa kwa televisheni. Septemba 1961 kituo cha NBC kilianza kuonyesha filamu kila Jumamosi usiku, na ya kwanza ilikuwa How to Marry a Millionaire, iliyopigwa kwa CinemaScope. Picha yenye upana wa 2.35 kwa kimo cha 1 ukiiingiza kwenye skrini ya 4 kwa 3 na kuijaza juu hadi chini, unatupa zaidi ya asilimia 40 ya picha. Fundi alikaa akichagua kipande gani kionekane, akikisogeza kushoto na kulia kumfuata anayezungumza. Wawili wakizungumza kila mmoja upande wake, mmoja alionekana anaongea na ukuta. Njia nyingine ilikuwa kuipunguza picha nzima na kuacha mabaka meusi juu na chini. Watazamaji wengi waliyachukia mabaka hayo wakidhani wanapunjwa, kumbe aliyekuwa na mabaka ndiye aliyepata picha kamili. Hata leo naona watu wakibonyeza rimoti haraka kuyaondoa mabaka meusi, na papo hapo wanapoteza maandishi.

Katika miaka ya 1980, TV za picha safi zilipokuwa zinabuniwa, wahandisi waligombania umbo. Mmarekani Kerns Powers alichora mistatili ya maumbo yote yaliyokuwa yanatumika, yote yenye eneo sawa, akaipanga juu ya kitovu kimoja. Aliona kwamba yote inaingia ndani ya mstatili mmoja mkubwa, na kwamba sehemu ya katikati wanayochangia ina umbo lilelile la huo mkubwa: takriban 16 kwa 9. Yalikuwa mapatano, kama mpaka wa shamba uliopitishwa katikati ili kila jirani apoteze kidogo. TV yako bapa ina umbo hilo.

Tokeo lake ni kwamba video ya zamani ya 4 kwa 3 ikijazwa kwenye TV pana inapoteza robo ya kimo, juu na chini. Video pana ikijazwa kwenye TV ya chogo inapoteza robo ya upana, kushoto na kulia. Kwa wenye vibanda vya mpira, au banda umiza kama vijana wanavyoviita, hapo ndipo matokeo na dakika za mchezo zilipokuwa zinakatika pembeni. Vituo vingi vya michezo kwa miaka kadhaa viliendelea kusogeza matokeo ndani ya skrini ili yasiliwe na TV za chogo.

NINI CHA KUFANYA

Ili ujue kama TV bapa inakula kingo, iunganishe na kompyuta kwa waya wa HDMI na uangalie saa iliyo pembeni chini kulia. Kama haionekani au imekatwa, TV inakula. Tafuta kwenye rimoti kitufe cha Ratio, P.Size, Wide au Zoom, au ingia kwenye menyu ya picha. Jina la mpangilio unaoutaka hutofautiana: LG huandika Just Scan, Samsung huandika Screen Fit, Sony huandika Full Pixel, Sharp huandika Dot by Dot. Nyingine zina neno Overscan, nalo unaliweka Off. Mpangilio huu hushika kwenye tundu la HDMI ulilokuwa unatumia, hivyo ukihamisha waya urudie. Ukitumia waya wenye vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe, mara nyingi TV haikupi nafasi hiyo. Flashi ikichomekwa kwenye TV yenyewe badala ya deki, mara nyingi picha hutoka nzima.

Kwenye king'amuzi, chagua 16:9 kama TV ni bapa. Kama TV ni ya chogo, chagua 4:3 pamoja na Letterbox, uvumilie mabaka meusi. Usichague Pan Scan.

Wanaorekodi wenyewe kwa simu, washike simu kwa ulalo ikiwa video itaonyeshwa kwenye TV. Video ya simu iliyosimama hutumia chini ya theluthi moja ya skrini pana. Na TV ikiilazimisha kujaa, theluthi mbili ya picha inatupwa. Mfanyabiashara anayetengeneza tangazo la pembejeo aweke bei na namba ya simu ndani ya ile asilimia 80 ya katikati, maana hajui litaangaliwa wapi. Hata simu mpya ndefu, mtu akitanua video kwa vidole viwili ili ijaze kioo, hukata juu na chini.

Kwa TV ya chogo hakuna kitufe cha kurudisha ukingo. Anayeendesha mafunzo atazame video kwanza kwenye kompyuta au simu, aandike ubaoni kipimo cha dawa na siku za kusubiri, na avisome kwa sauti video inapofika mahali hapo.